Tarehe 10 Novemba: Yanayobaki Baada ya Mtu

Katika kalenda ya Kanisa letu tarehe 31 Oktoba ina jina. Ni Siku ya Matengenezo ya Kanisa, na hata washarika wasiofika ibadani mara kwa mara huijua. Siku kumi baadaye inakuja tarehe 10 Novemba, nayo hupita kimya. Kwaya haziandai wimbo kwa ajili yake, wala hakuna mgeni anayealikwa kuhubiri. Hata hivyo ndiyo siku aliyozaliwa Martin Luther, ambaye jina lake tunalibeba katika jina la Kanisa letu. Ndiyo pia siku ambayo, miaka 455 baada ya kuzaliwa kwake, moshi wa nyumba za sala za Wayahudi ulipanda katika miji ya Ujerumani, na askofu mmoja wa Kilutheri akafurahi.

Tumeona vema kuitazama siku hii moja na kuuliza inatufundisha nini. Hatufanyi hivyo kwa kuwa siku yenyewe ina nguvu fulani. Wapo kati yetu wanaoamini siku za mkosi na siku za nyota njema, na wengine hawafungi safari wala harusi kabla ya kuuliza tarehe. Mtume Paulo aliwashangaa Wagalatia kwa sababu ya utumwa wa namna hiyo (Wagalatia 4:10). Siku zote ni za Bwana, na hakuna hata moja iliyoumbwa ikiwa na laana. Lakini Zaburi ya 90 inamwomba Mungu atufundishe hesabu ya siku zetu, na shabaha ya hesabu hiyo si kujua tarehe, ni kupata hekima. Basi na tuhesabu.

Mtoto wa Eisleben

Philipp Melanchthon, rafiki na msaidizi wa Luther, aliwahi kumuuliza mama yake Luther, Bibi Margarethe, kuhusu kuzaliwa kwa mwanawe. Mama alijibu kwamba siku na saa anazikumbuka vizuri, ila mwaka hana hakika nao. Sisi hatupati shida kumwelewa. Bibi zetu wengi walihesabu hivyo hivyo: huyu alizaliwa mwaka wa nzige, yule alizaliwa mwaka wa njaa, na mwingine mvua ilipokatika daraja. Wanahistoria wengi wamekubaliana na mwaka 1483. Mahali ni mji wa Eisleben, na baba ni Hans, aliyetafuta riziki katika migodi ya shaba.

Kesho yake, tarehe 11 Novemba, mtoto alipelekwa kanisani akabatizwa. Kwa kuwa siku hiyo Kanisa lilimkumbuka Mtakatifu Martin wa Tours, mtoto akapewa jina la Martin. Mtakatifu huyo alikuwa askari, na mapokeo husimulia kwamba alilikata vazi lake kwa upanga akampa nusu maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi langoni mwa mji. Jina lililotokana na huruma ndilo aliloingia nalo duniani.

Tunajua mtoto huyo alifanya nini baadaye. Alifundisha kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani. Aliitafsiri Biblia kwa lugha ambayo mama sokoni angeielewa. Mwaka 1529 aliandika Katekisimo Ndogo, ambayo mpaka leo watoto wetu wa kipaimara huikariri kutoka Bukoba hadi Mbeya. Hatukuipokea moja kwa moja mkononi mwake. Ilitufikia kwa kupita mikono mingi, na miongoni mwake ni wamisionari wa Berlin, Bethel na Leipzig waliokuja katika nchi yetu karne ya 19. Walileta injili, na pamoja nayo walileta historia ya Kanisa lililowatuma. Mtu akirithi nyumba, hurithi pia yaliyomo chumbani ambamo hajawahi kuingia.

Mkutano wa Ujiji

Kabla ya kukifungua chumba hicho, tupite kwanza nyumbani. Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa na gazeti la New York, aliandika kwamba alimkuta David Livingstone Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, tarehe 10 Novemba 1871. Daftari la Livingstone linaelekeza kwenye siku za mwisho za Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua sana safarini na hesabu ya siku iliwapotea. Kwa hiyo tarehe ni ya Stanley, lakini mkutano ulikuwepo, na aliyemlaki mgeni njiani na kukimbia kumpa mzee habari alikuwa Susi, mtumishi na msafiri mwenzake Livingstone.

Watoto wa shule husimuliwa salamu za wazungu wawili waliovuana kofia. Jambo kubwa zaidi lilikuwa ndani ya mizigo. Miezi michache kabla, tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alikuwa Nyangwe, kwenye mto Lualaba, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Siku hiyo ilikuwa ya soko. Watu wa wafanyabiashara wa utumwa walifyatua bunduki katikati ya wachuuzi, wengi wao wakiwa wanawake, na waliokimbilia mtoni walizama. Waliokufa walikadiriwa kuwa zaidi ya 300. Livingstone aliyaandika aliyoyaona, na Stanley aliporudi pwani aliibeba taarifa hiyo. Ilipofika Uingereza iliwaongezea nguvu waliokuwa wakidai biashara ya utumwa ikomeshwe. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akiwa amebanwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Pale Mkunazini, palipokuwa na soko, leo pana kanisa kuu la Waanglikana.

Livingstone hakuyaona hayo. Alikuwa amekwisha kufariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa mwezi Mei mwaka huo huo. Susi na Chuma pamoja na wenzao waliubeba mwili wake na maandishi yake kwa miguu, miezi mingi, hadi Bagamoyo. Kama wangeyatupa makaratasi ili kupunguza mzigo, nani angewalaumu? Hawakuyatupa.

Lakini tusiifanye habari hii kuwa nyepesi. Livingstone huyo huyo aliyelia juu ya Nyangwe aliishi mara nyingi kwa msaada wa chakula na dawa kutoka kwa wafanyabiashara hao hao. Naye Stanley, aliyeibeba taarifa ya kuwasaidia Waafrika, baada ya miaka michache aliajiriwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, akamfungulia njia ya kuitawala Kongo, ambako watu walikuja kukatwa mikono kwa ajili ya mpira. Mkono mmoja ulibeba barua ya uhuru na mikataba ya utumwa mpya. Mwanadamu ndivyo alivyo, na sisi tuliofundishwa kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja hatupaswi kushtuka tunapoliona jambo hilo katika vitabu vya historia.

Moto wa mwaka 1938

Sasa tufungue chumba. Tarehe 7 Novemba 1938 kijana Myahudi wa miaka 17, Herschel Grynszpan, ambaye wazazi wake walikuwa wamefukuzwa Ujerumani pamoja na maelfu ya Wayahudi wenye asili ya Poland, alimpiga risasi ofisa wa ubalozi wa Ujerumani mjini Paris. Ofisa huyo alifariki tarehe 9. Chama cha Hitler kilipata kisingizio kilichokuwa kikikitafuta. Usiku huo wa kuamkia tarehe 10, na mchana wake, vikundi vya chama vilivamia masinagogi, maduka na nyumba za Wayahudi kotekote nchini. Masinagogi zaidi ya 1,400 yaliharibiwa au kuteketezwa. Maduka yapatayo 7,500 yalivunjwa. Wanaume wapatao 30,000 walikamatwa na wengi wao wakapelekwa katika kambi za Dachau, Buchenwald na Sachsenhausen. Wazima moto walifika, lakini amri ilikuwa waache sinagogi liungue na wazuie tu moto usishike nyumba za jirani. Kisha Wayahudi wenyewe wakatozwa faini ya alama za Kijerumani bilioni moja.

Katika miji hiyo ulikuwamo Eisenach. Huko ndiko Luther alikosoma akiwa kijana, na juu ya mlima wa mji huo, katika ngome ya Wartburg, ndiko alikolitafsiri Agano Jipya. Sinagogi la Eisenach liliungua. Mjini humo pia ndimo alimokaa Martin Sasse, askofu wa Kanisa la Kilutheri la Thuringia na mwanachama wa chama cha Hitler. Muda mfupi baadaye alitoa kijitabu chenye maneno ya Luther dhidi ya Wayahudi. Katika dibaji alifurahia kwamba masinagogi yalikuwa yakiungua tarehe 10 Novemba, siku ya kuzaliwa kwa Luther.

Tungependa kusema kwamba askofu huyo alimsingizia Luther. Hatuwezi. Mwaka 1523 Luther aliandika kijitabu kizuri kukumbusha kwamba Yesu Kristo alizaliwa Myahudi, akawataka Wakristo wawatendee Wayahudi kwa upendo. Alitumaini kwamba wangeipokea injili. Walipokosa kufanya alivyotaka, moyo wake ukageuka. Mwaka 1543, miaka mitatu kabla ya kifo chake, aliandika kitabu kikali mno ambamo aliwashauri watawala wayachome moto masinagogi, wabomoe nyumba za Wayahudi, wawanyang'anye vitabu vya sala, wawakataze marabi kufundisha na wawanyime ulinzi barabarani. Watawala wa wakati wake kwa sehemu kubwa hawakuyatekeleza hayo kama alivyoyaandika. Karatasi ilingoja.

Hapa watu hutoa udhuru wa namna tatu, nasi tumeusikia wote. Wa kwanza ni kwamba Luther alikuwa mzee na mgonjwa. Ni kweli, lakini ugonjwa hauelezi kurasa nyingi zilizopangwa kwa hoja. Wa pili ni kwamba watu wote wa wakati ule walisema hivyo. Wengi walisema, ila si wote; Heinrich Bullinger, mwanamatengenezo wa Zürich, alichukizwa na lugha ya Luther juu ya Wayahudi wakati Luther akiwa bado hai. Wa tatu ni kwamba Hitler hakuhitaji Luther ili awachukie Wayahudi. Huu una uzito. Chuki ya Hitler ilikuwa ya rangi na damu, ilitoka katika visima vingine, na ni makosa kuchora mstari mmoja ulionyooka kutoka Wittenberg hadi kwenye kambi za mauaji. Lakini swali letu si kama Hitler alimhitaji Luther. Swali ni kwamba Mkristo wa kawaida wa Eisenach, aliyesimama dirishani usiku ule akiona moto, alihitaji mtu wa kumwambia kwamba ni dhambi. Badala yake alipewa kijitabu chenye jina la baba yake wa imani, kikimwambia ni sawa.

Na lililo chungu zaidi ni kwamba dawa ilikuwa katika kitabu kingine cha mtu huyo huyo. Fungueni Katekisimo Ndogo. Katika amri ya tano Luther anafundisha kwamba haitoshi kutomwua jirani; tunapaswa kumsaidia katika kila hitaji la mwili wake. Katika amri ya nane anafundisha kwamba tumtetee jirani, tumseme vema, na kila jambo lake tulieleze kwa upande ulio mwema. Kitabu cha mwaka 1529 kinakihukumu kitabu cha mwaka 1543. Mwalimu alishindwa mtihani alioutunga mwenyewe.

Waliosema na walionyamaza

Viongozi wa makanisa nchini Ujerumani karibu wote walinyamaza hadharani mwezi ule. Lakini si kila mimbari ilikuwa bubu. Tarehe 16 Novemba 1938, siku ya toba na maombi, mchungaji Julius von Jan wa kijiji cha Oberlenningen, katika Württemberg, alihubiri kutoka Yeremia 22:29, pale nabii anapoiita nchi isikie neno la Bwana. Aliutaja uhalifu uliotendeka, akasema wazi kwamba nyumba za Mungu za watu wengine zimechomwa na watu wasio na hatia wametupwa kambini. Siku tisa baadaye kundi la watu lilimvamia na kumpiga vibaya, kisha akafungwa gerezani. Dietrich Bonhoeffer, ambaye naye alikuja kunyongwa Aprili 1945, aliipigia mstari Zaburi 74:8 katika Biblia yake, mstari unaosimulia kuchomwa kwa mahali pa kumkutania Mungu, na pembeni akaandika tarehe ya usiku ule.

Angalieni walichofanya hao wawili. Hawakuwa na Biblia tofauti na ya Askofu Sasse. Wote walibatizwa katika makanisa ya Matengenezo na wote walilijua jina la Luther. Tofauti ilikuwa hii: Sasse alimtumia Luther kulisoma Neno la Mungu, na von Jan alilitumia Neno la Mungu kuwasoma watu wote, akiwemo Luther. Luther mwenyewe, alipokuwa katika siku zake njema, ndivyo alivyotaka.

Makanisa ya Kilutheri yalichukua muda mrefu kulisema hilo kwa sauti. Mwaka 1983, miaka 500 tangu kuzaliwa kwa Luther, wajumbe wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walikutana na wajumbe wa Wayahudi mjini Stockholm. Hapo Walutheri walikiri kwamba maneno makali ya Luther dhidi ya Wayahudi ni dhambi na kwamba hayawezi kupokelewa. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Amerika lilitoa tamko la kuyakataa maandiko hayo na kueleza majuto kwa watu wa Kiyahudi. Na tukumbuke kwamba njia ya kukiri ilikuwa imepita hata kwetu. Mwaka 1977 Mkutano Mkuu wa Fungamano ulifanyika Dar es Salaam, ukamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake. Mkutano huo ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo la imani yenyewe, si siasa tu. Kanisa lililonyamaza mwaka 1938 lilikuwa linajifunza kusema, na mojawapo ya madarasa yake lilikuwa katika ardhi yetu.

Swali la mzee Kalashnikov

Tarehe 10 Novemba ilimleta duniani mtu mwingine ambaye kazi yake tunaijua vizuri mno katika Afrika. Mikhail Kalashnikov alizaliwa siku hiyo mwaka 1919 katika familia ya wakulima wa Altai, Urusi. Alijeruhiwa vitani mwaka 1941, na akiwa hospitalini akaanza kufikiria silaha ambayo ingewasaidia askari wenzake kuilinda nchi yao dhidi ya Wajerumani. Vita vilikwisha kabla bunduki yake haijawa tayari. Ilikamilika mwaka 1947. Tangu hapo zimetengenezwa makumi ya mamilioni. Picha ya bunduki hiyo imo katika bendera ya jirani zetu wa Msumbiji, kando ya jembe na kitabu, kama ukumbusho wa ukombozi. Bunduki hiyo hiyo imo pia mikononi mwa watoto waliolazimishwa kuwa askari mashariki mwa Kongo.

Kwa miaka mingi mzee huyo alisema halali vibaya. Wa kulaumiwa ni wanasiasa. Lakini akiwa mzee sana alimwandikia barua Patriaki wa Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi. Ilichapishwa gazetini mwezi Januari 2014, baada ya kifo chake. Ndani yake aliuliza swali ambalo halikuwa likimpa raha: ikiwa bunduki yake imewatoa watu uhai, je, yeye Mkristo ana hatia ya vifo vyao? Msemaji wa Patriaki alieleza kwamba silaha inapotumika kuilinda nchi, Kanisa humuunga mkono aliyeibuni na askari anayeitumia.

Hatudharau jibu hilo. Luther mwenyewe mwaka 1526 aliandika kuwatuliza askari waliouliza kama na wao wanaweza kuokolewa, akafundisha kwamba kuwalinda wanyonge kunaweza kuwa wito halali. Lakini tunadhani mzee wa umri huo anayeuliza juu ya hatia haombi maelezo ya msimamo wa Kanisa. Anaomba ungamo. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba hana hatia ni kumfungia mlango ambao anajaribu kuufungua. Kumwambia kwamba damu yote ya dunia iko juu ya kichwa chake ni uongo pia, kwa maana kila kidole kilichovuta kilikuwa na mwenyewe. Kanisa limepewa neno la tatu: lete yote mbele ya Mungu, unayoyajua na usiyoyajua, na lisikie ondoleo la dhambi kwa jina la Yesu Kristo. Kila Jumapili tunafanya hivyo pamoja. Tunaungama kwamba tumekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo, na pengine midomo yetu huyapita hayo haraka. Mzee huyo hakuyapita haraka.

Kalamu ya Ogoni

Mwisho, tarehe 10 Novemba 1995, katika gereza la Port Harcourt nchini Nigeria, mwandishi Ken Saro-Wiwa alinyongwa pamoja na wenzake wanane. Alikuwa mtunzi wa riwaya na michezo ya televisheni iliyowachekesha Wanigeria wengi. Lakini ardhi ya watu wake, Waogoni, ilikuwa ikichimbwa mafuta tangu mwaka 1958, na wakulima na wavuvi walibaki na mashamba na vijito vilivyochafuliwa. Mwezi Januari 1993 maelfu kwa maelfu ya Waogoni waliandamana kwa amani. Mwaka uliofuata wazee wanne wa Kiogoni waliuawa na umati wa watu, na serikali ya kijeshi ya Jenerali Sani Abacha ikamshtaki Saro-Wiwa kwamba alichochea. Alikana. Mahakama maalumu ilimhukumu kifo, na dunia ikaipinga hukumu hiyo bila mafanikio. Kesho yake Nigeria ilisimamishwa uanachama katika Jumuiya ya Madola.

Tunamweka mwishoni kwa sababu anatusaidia kuona jambo moja. Luther aliandika dhidi ya watu wachache wasio na mtetezi, naye alikuwa na watawala nyuma yake. Saro-Wiwa aliandika kwa ajili ya watu wachache wasio na mtetezi, na watawala walikuwa mbele yake. Kalamu ni ile ile. Mtu akitaka kuyapima maneno yake, na aulize kwanza yanamwangukia nani.

Yatupasayo

Msharika anaweza kusema, "Hayo ni ya wakubwa. Sisi hatuandiki vitabu wala hatuundi bunduki." Lakini majirani zetu wa Rwanda walijifunza mwaka 1994 kwamba panga hutanguliwa na neno. Watu waliitwa mende redioni kwa miezi mingi kabla ya kuuawa, na wengine waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Tarehe 3 Desemba 2003, mjini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliwatia hatiani watu watatu wa redio na magazeti. Kosa lao kubwa lilikuwa maneno.

Na hapa kwetu je? Katika sehemu za nchi yetu vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, na ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu mtu alisema viungo hivyo vina bahati. Neno kama hilo huanza dogo. Huanza kwenye kilabu, kwenye mkutano wa ukoo, kwenye simu, na wakati mwingine, Mungu aturehemu, kwenye mimbari, mhubiri anapomwambia mgonjwa kwamba adui yake ni bibi wa nyumba ya pili. Aliyelisema hulala usingizi. Mwingine huamka usiku na panga.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi, wainjilisti na walimu wa kipaimara jambo dogo. Mnapowasimulia watoto habari za Luther mwezi wa Oktoba, msiishie kwenye mlango wa kanisa la Wittenberg. Wasimulieni pia kitabu cha 1543 na moto wa 1938. Wapo wanaohofu kwamba vijana wakijua hayo watalikimbia Kanisa. Tunaona kinyume. Kijana atayakuta hayo kwenye simu yake, na akiyakuta huko bila kuyasikia kwetu, atauliza ni nini kingine tumemficha. Waraka kwa Waebrania (13:7) unatutaka tuwakumbuke waliotuongoza na kuutazama mwisho wa mwenendo wao. Kutazama ni kutazama kote.

Mtume Paulo anawaandikia Wakorintho (1 Wakorintho 3:12-15) kwamba juu ya msingi mmoja, Kristo, watu hujenga kwa dhahabu na kwa majani, na moto wa siku ile utaonyesha kila kazi ilivyo. Majani yatateketea, na mjenzi ataokolewa kama mtu aliyeponyoka motoni. Luther alijenga kwa dhahabu nyingi, na alijenga pia kwa majani, na majani yale yaliwaka juu ya vichwa vya watu wengine. Hatuna haja ya kuyaokoa. Hatuna haja ya kumtupa mjenzi pia.

Kwa maana tumaini la Luther halikuwa katika tarehe 10 Novemba. Kuzaliwa kwake kulimfanya mtoto wa Hans na Margarethe, mwenye akili nyingi na hasira nyingi. Siku iliyofuata, tarehe 11, maji yalimwagwa juu ya kichwa chake na akaitwa mtoto wa Mungu kabla hajafanya jema wala baya. Alifundisha kwamba ubatizo huo si wa siku moja, na kwamba kila asubuhi mtu wa kale inapasa azamishwe kwa toba na mtu mpya atoke. Alipokumbuka hilo, aliandika Katekisimo. Aliposahau, aliandika kile kingine. Sisi nasi tutaacha nyuma yetu maneno ambayo wengine watayaokota. Tuanze basi kila siku kwa kurudi kwenye maji yale, na tumwombe Mungu ayachome majani yetu tungali hai, kabla hayajamuunguza jirani.